Miaka 18 Haifuti Deni la Mtoto



Kuna sentensi moja ambayo imekuwa kama sala kwa baadhi ya wanaume wenzangu hapa Johannesburg. Utaisikia Yeoville, utaisikia Rosettenville, utaisikia hata msibani wakati watu wanasubiri chakula: "Mtoto kafikisha kumi na nane, mimi nimemaliza." Inasemwa kwa kujiamini, kama vile msemaji anasoma kifungu cha sheria. Wanaomsikiliza wanatikisa vichwa kukubali, kwa sababu kila mmoja alishaambiwa hivyo na mwenzake, na huyo mwenzake aliambiwa na mwingine.

Hoja yangu ni fupi. Sentensi hiyo si kweli kwa sheria ya Afrika Kusini. Na pale inapokaribia kuwa kweli, yaani huko kwetu, haipaswi kuwa kweli. Wajibu wa mzazi kumtunza mtoto unakwisha pale mtoto anapoweza kujitegemea. Keki ya siku ya kuzaliwa haihusiki.

Wenyeji wa hapa wana neno lao la fedha za matunzo: papgeld. Ni Kiafrikana. Pap ndiyo ugali wao, kwa hiyo papgeld ni hela ya ugali. Napenda neno hilo kwa sababu halina ujanja ndani yake. Linauliza swali moja tu: je, mtoto amekula? Sasa niambieni, ni mtoto gani aliyeacha kusikia njaa asubuhi alipofikisha miaka 18?

HII KUMI NA NANE IMETOKA WAPI?

Tuwe waungwana, uongo huu haukuota kama uyoga. Una mizizi mitatu, na kila mzizi una kipande cha ukweli.

Mzizi wa kwanza ni umri wa utu uzima. Kabla ya tarehe 1 Julai 2007, mtu hapa Afrika Kusini alihesabiwa mtu mzima akitimiza miaka 21. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto, Namba 38 ya mwaka 2005, kikaushusha umri huo hadi 18. Watu wakasema, basi, mtu mzima ni mtu mzima, ajitafutie. Lakini utu uzima wa kisheria maana yake ni kwamba unaweza kusaini mkataba na kufungua kesi bila ya mzazi kukushika mkono. Haina maana kwamba siku hiyo umepata ajira na chumba. Kama utu uzima ndio ungekuwa mwisho wa matunzo, basi Bunge la nchi hii lingekuwa limewanyang'anya watoto miaka mitatu ya chakula kwa siku moja ya Julai. Hakuna aliyekusudia hivyo, na mahakama hazikuisoma hivyo.

Mzizi wa pili ni ruzuku ya serikali. Shirika la serikali liitwalo SASSA linatoa ruzuku ya mtoto kwa walezi wenye kipato cha chini. Mwaka 2025 ilikuwa randi 560 kwa mwezi. Ruzuku hiyo kweli inakatwa mtoto akitimiza miaka 18. Wengi wameona majirani zao wakikatwa, wakadhani na wajibu wa baba umekatwa hapo hapo. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Serikali kuacha kutoa msaada wake hakumfanyi baba aache kuwa baba. Ukitaka kutumia akili ya kawaida, ungesema ni kinyume chake: ruzuku ikikatika, mzigo wa wazazi unaongezeka.

Mzizi wa tatu ni sheria za kwetu, na hizo nitazirudia chini, kwa sababu wasomaji wa nyumbani zinawahusu moja kwa moja.

SHERIA YA HAPA INASEMA NINI HASA?

Sheria ya Matunzo ya Afrika Kusini ni Namba 99 ya mwaka 1998. Kifungu chake cha 15 kinasema wazazi wote wawili wana wajibu wa kumpa mtoto kile anachohitaji kwa maisha na malezi yake: chakula, mavazi, mahali pa kulala, matibabu na elimu. Wanagawana mzigo kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja, maana yake mama naye yumo, si baba peke yake. Na haijalishi mtoto alizaliwa ndani ya ndoa au nje, ndoa ya kwanza au ya tatu. Kwa hiyo yule anayesema "huyo nilizaa tu, hatukufunga ndoa" hana pa kujificha, na yule anayesema "nina familia mpya sasa" hana pia. Sheria inawataja mzazi na mtoto. Pasipoti haikutajwa.

Je, wajibu huo unakwisha lini? Kwa sheria ya nchi hii, unaendelea mpaka mtoto aweze kujitegemea. Akipata kazi ya kumtosha akiwa na miaka 19, umekwisha. Akiwa chuoni na hana kipato akiwa na miaka 22, haujakwisha. Akiwa na ulemavu unaomzuia kufanya kazi, unaweza usiishe kabisa. Akifa, unakwisha. Akiasiliwa na watu wengine, unahamia kwa hao walioasili. Akioa au kuolewa, wa kwanza kumtunza anakuwa mwenzi wake. Na mzazi akifa je? Hapo wengi wanashangaa: wajibu unaihamia mirathi yake. Mtoto anaweza kudai kutoka kwenye mali uliyoacha kabla ndugu zako hawajagawana hilo gari.

Kinachobadilika mtoto akifika miaka 18 ni nani athibitishe. Kabla ya hapo, kuwa mtoto kunatosha. Baada ya hapo anatakiwa aonyeshe kwamba bado hawezi kujitegemea, na ana haki ya kwenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe.

Hapo ndipo palikuwa na jambo gumu. Fikiria binti wa miaka 19 anaambiwa amshitaki baba yake wakati wazazi wanaachana. Wengi wataona bora kuacha shule kuliko kumpandisha baba kizimbani. Mwaka 2022, mwezi Julai, Mahakama ya Rufaa iliyoko Bloemfontein iliamua shauri la Z dhidi ya Z, ikasema mzazi anaweza kudai matunzo ya mtoto wake mkubwa anayemtegemea ndani ya shauri la talaka, bila kumlazimisha mtoto aingie vitani. Majaji walisema Sheria ya Talaka ya mwaka 1979 inazungumzia mtoto tegemezi, haikuweka mpaka wa miaka 18. Mtu anayeendelea kuimba wimbo wa kumi na nane baada ya uamuzi huo, anajidanganya mwenyewe.

Na yule anayeona suluhisho ni kunyamaza mpaka deni lizeeke, asome uamuzi wa mahakama hiyo hiyo wa Januari 2022, shauri la Arcus. Pale ilikubalika kwamba deni la matunzo lililotokana na amri ya mahakama ni deni la hukumu, na halifi mpaka miaka 30 ipite. Miaka thelathini, ndugu zangu! Mtoto atakuwa na watoto wake na wewe bado unadaiwa hela yake ya ugali. Waswahili walishasema, dawa ya deni ni kulipa.

HESABU NDOGO

Tuache mahakama kidogo, tupige hesabu za kawaida. Mtoto wa hapa anamaliza sekondari, wenyewe wanaita matric, akiwa na miaka 18 hivi. Shahada ni miaka mitatu au minne. Ufundi wa maana nao unachukua miaka. Kwa hiyo kati ya miaka 18 na 22 ndipo gharama zinapopanda: ada, chumba, usafiri, kompyuta. Baba akijitoa akiwa amelipa miaka 18, ni kama aliyejenga nyumba mpaka linta halafu akaondoka na mabati.

Kwa sisi wageni ni mbaya zaidi. Mwanafunzi maskini wa Kisauzi anaweza kuomba mfuko wa serikali, NSFAS, unaosaidia raia na wakazi wa kudumu. Mtoto wa Mtanzania au Mkongo anayeishi kwa kibali cha muda haingii humo. Alisoma hapa tangu chekechea, anaongea Kizulu kuliko Kiswahili, lakini siku ya kujiandikisha chuo yeye ni mgeni. Huyo ana mfadhili mmoja tu duniani, mzazi. Na mzazi mmoja kati ya wawili akisema "nimemaliza", anayebaki ni mama mwenye meza ya nyanya pembeni ya barabara. Matokeo yake tunayaona: kijana aliyefaulu anakaa nyumbani mwaka mzima, kisha wa pili, kisha tunamlaumu kwamba amejiunga na makundi ya mtaani.

"LAKINI..."

Najua wakuu wengine wameshaanza kuandika majibu kabla sijamaliza. Ngoja nizijibu hoja zenu, maana nyingine zina uzito.

Ya kwanza: "Vijana wa siku hizi ni wavivu, nitamlisha mpaka ana ndevu?" Hapana. Sheria inasema kujitegemea, haisemi kustarehe. Kijana mwenye afya, anayeacha masomo na kukataa kazi, anapoteza hoja yake mbele ya hakimu. Lakini mwenye kuamua hivyo ni mahakama baada ya kusikia pande zote mbili, si wewe peke yako ukiwa na simu mkononi unafuta namba yake.

Ya pili: "Nimepoteza kazi." Hii ni ya kweli, na tangu mwaka 2020 wengi wetu imetupata. Mlango upo. Unarudi mahakama ile ile, unamwona afisa wa matunzo, unaonyesha hali yako, unaomba kiasi kipunguzwe au amri ifutwe. Huhitaji wakili, na mahakama haikutozi kufungua ombi. Sheria hata inamlinda asiye na uwezo: kutolipa ni kosa la jinai, lakini ukithibitisha kwamba huna kipato, na si kwa sababu ya uvivu wako au mwenendo wako mbaya, una utetezi. Asiyekuwa na utetezi ni yule anayeacha tu. Amri ikishakaa siku 10 bila kulipwa, mdai anaweza kuomba mali ikamatwe au mwajiri akate mshahara. Kwa marekebisho ya mwaka 2015, jina lako linaweza kupelekwa kwenye kumbukumbu za wakopaji wabaya, na kifungo kilipandishwa kutoka mwaka mmoja hadi mitatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kosa kubwa ninaloliona ni hili: watu wana amri ya mahakama imeandikwa "mpaka mtoto ajitegemee", mtoto anafika 18, wanaacha wenyewe. Amri kama hiyo haijifuti. Deni linaendelea kupanda mwezi hadi mwezi wakati wewe unadhani umestaafu.

Ya tatu: "Mama yake ananinyima kumwona mtoto." Inauma, sibishi. Lakini kumwona mtoto na kumlisha ni mambo mawili. Kama kuna amri ya mahakama au makubaliano halali na mama anayakataa, Sheria ya Watoto inamfanya yeye kuwa mkosaji. Nenda ukamshitaki kwa hilo. Kumkatia mtoto chakula ili umkomoe mama ni kumpiga risasi aliyesimama katikati.

Ya nne, na hii inasemwa kwa sauti ya chini: "Hela yenyewe anaila mama." Omba basi ada uilipe moja kwa moja chuoni, kodi ya chumba uilipe kwa mwenye nyumba. Mtoto wa miaka 19 ana akaunti yake. Kisingizio hiki ndicho chepesi kuliko vyote, na bado ndicho kinachotumika zaidi.

Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba, iliyoko hapa hapa Johannesburg, iliamua shauri la Bannatyne. Jaji Yvonne Mokgoro alieleza wazi kwamba mfumo wa matunzo ukilegea, wanaobeba mzigo ni wanawake na watoto, na kwamba mahakama zinapaswa kutumia nguvu zao zote kuhakikisha amri zinatekelezwa. Nashauri jumuiya zetu, zile zinazokusanyika haraka kusafirisha maiti, ziuchukue ujumbe huo. Wako dada zetu wanaoogopa kuingia jengo la mahakama kwa sababu ya karatasi zao. Hofu hiyo ni ya kweli, na wapo wanaume wanaojua na kuitumia. Mtu wa kumsindikiza dada huyo na kumtafsiria kwa afisa anasaidia kuliko kikao cha wazee kinachomwambia "vumilia, ni baba wa mtoto wako."

NA HUKO NYUMBANI?

Sasa nawageukia wa nyumbani. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema amri ya matunzo inakoma mtoto akifika miaka 18. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, nayo inaanza na mpaka huo huo, na amri inaweza kukoma mapema kama mtoto amepata ajira ya kipato. Lakini someni mbele kidogo: mahakama inaweza kuiendeleza amri baada ya miaka 18 kama mtoto yuko masomoni au kwenye mafunzo. Kenya nao, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaruhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita umri huo, na Katiba yao ya mwaka 2010 inasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Tofauti iko wapi basi? Iko kwenye nani anabeba kazi. Hapa Sauzi wajibu unaendelea mpaka mzazi aonyeshe kwamba umekwisha au kijana ashindwe kuthibitisha haja. Kwetu unakatika wenyewe, na mama ndiye anatakiwa akimbie mahakamani kuomba uendelee. Wangapi wanajua kwamba wanaweza kuomba? Mtoto wa Kitanzania anamaliza kidato cha nne na miaka 17 hivi, kidato cha sita na 19. Maana yake mpaka wa kisheria unamwangukia akiwa katikati ya kidato cha tano na sita, kabla hata hajajaza fomu ya Bodi ya Mikopo.

Pendekezo langu: tugeuze. Sheria iseme amri inaendelea mpaka mtoto amalize masomo au ajitegemee, na anayetaka iishe ndiye aende mahakamani kueleza. Sheria hubadilika. Tulikuwa na sheria ya kikoloni iliyompa mtoto wa nje ya ndoa shilingi 100 kwa mwezi, na ikafutwa na hiyo hiyo sheria ya 2009. Tuliweza lile, tutaweza na hili.

Na kuna jambo ambalo sheria peke yake haiwezi. Baba yuko Johannesburg, mtoto yuko Tanga au Kigoma. Afrika Kusini ina sheria za kutekeleza amri za matunzo za nje, ya mwaka 1963 na ya mwaka 1989, lakini zinafanya kazi kwa nchi zilizotangazwa rasmi, na kwa karatasi zinazopita wizara hadi wizara. Mpaka karatasi ifike, mtoto kashamaliza ujana. Wenzetu wengine wanalijua hilo vizuri sana. Wamehesabu kilomita, wakaona ndizo wakili wao bora.

Kwa hao sina kifungu, nina swali. Sheria ya Afrika Kusini inasema pia kinyume chake: mtoto mwenye uwezo ana wajibu wa kumtunza mzazi wake aliye muhitaji. Mila zetu zinasema hivyo hivyo. Siku moja utakuwa na miaka 65, magoti yamegoma, na utamtumia ujumbe kijana wako aliyeko sijui Mwanza au Midrand. Utamwambia damu ni nzito kuliko maji. Je, ukijibiwa "Baba, ulipofika sitini mimi nilimaliza", utakwenda mahakama gani?

Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hawakusema kulea mpaka tarehe fulani.